Mwongozo wa Kufundisha Mifugo Kula Mimea Wasiyoijua na Kutumia Malisho Yote

Wafugaji wanaoanza huuliza maswali yaleyale kila msimu. Kwa nini ng'ombe wangu wanajazana karibu na maji mpaka ardhi inabaki tupu, ilhali mlimani nyasi zinazeeka bila kuguswa? Kwa nini kondoo niliowanunua wanakonda katika malisho ambamo kondoo wengine wananenepa? Kwa nini mbuzi wa jirani wanakimaliza kichaka ambacho mbuzi wangu wanakipita bila hata kukinusa? Wengi hujijibu kwamba wanyama wao ni wabishi, kisha hutumia fedha na nguvu kung'oa mimea ambayo ingeweza kuliwa, au kujenga uzio ambao haukuhitajika.

Mara nyingi mnyama anayeonekana kukataa ni mnyama ambaye hajafundishwa. Hakuna ndama anayezaliwa akijua mimea yote ya malisho yake, wala njia ya kwenda kwenye nyasi zilizo nyuma ya kilima. Hayo hujifunzwa, na kwa kuwa hujifunzwa, mfugaji anaweza kuamua mnyama atajifunza nini, lini na kwa nani. Mwongozo huu unahusu ng'ombe, kondoo na mbuzi, na unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua.

Machache ya kuelewa kabla ya kazi

Mnyama wa malisho ana walimu watatu, nao ni mama yake, wenzake na tumbo lake. Mama huanza kufundisha kabla ya kuzaa, kwa sababu ladha ya baadhi ya vyakula anavyokula humfikia mtoto tumboni, na baadaye hupita kwenye maziwa. Mtoto akianza kula majani, hula kando ya mdomo wa mama yake na kuonja kile anachokiona mama akikitafuna. Mafunzo ya wakati huo hudumu sana. Katika majaribio yaliyofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1984, wanakondoo waliokula ngano pamoja na mama zao kwa saa moja kwa siku, kwa siku tano tu, bado waliipokea ngano vizuri kuliko wenzao takriban miaka mitatu baadaye.

Tumbo ndilo lenye neno la mwisho. Baada ya kula, mwili huunganisha ladha ya chakula na hali iliyofuata: kama nguvu zilipatikana, ladha hiyo hupendwa zaidi, na kama kichefuchefu kilifuata, ladha hiyo huepukwa hata kama kichefuchefu kilikuja saa kadhaa baadaye. Fred Provenza na Juan Villalba wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani, walionyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Waliwapa wanakondoo majani makavu ya nafaka, chakula hafifu kabisa, yakiwa yametiwa ladha mbili tofauti kwa siku tofauti. Siku za ladha moja waliingiza wanga moja kwa moja kwenye rumeni, yaani tumbo la kwanza la mnyama anayecheua, bila kupitia mdomoni, na siku za ladha nyingine hawakuingiza kitu. Wanakondoo walipoachiwa wachague, waliifuata ladha iliyokuwa imeambatana na wanga, ingawa majani yenyewe yalikuwa ni yaleyale.

Kuhusu mahali, ng'ombe hukumbuka sehemu aliyopata chakula kingi na sehemu aliyopata kidogo, naye hurudi kwenye ile ya kwanza. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuandaa

- Mchoro wa malisho yako unaoonyesha maji, vivuli, miteremko, njia za wanyama, sehemu zilizoliwa mno na sehemu zisizoguswa. Mchoro wa mkono unatosha.
- Jina sahihi la kila mmea unaotaka wanyama waule, lililothibitishwa na mtaalamu wa mimea au wa malisho.
- Wanyama wachache wa kuanza nao, wenye afya, wasio na minyoo wala majeraha ya mdomo.
- Vihori vyepesi vya kutosha wanyama wote kula kwa wakati mmoja bila kusukumana.
- Vyakula vyenye lishe, baadhi wanavyovijua na baadhi wasivyovijua: pumba za ngano, shayiri, lusani (alfalfa) iliyokaushwa, mashudu, na molasi kidogo.
- Maji safi, chumvi na madini, vyote vikipatikana wakati wote.
- Daftari.
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo, iliyoandikwa mahali ambapo kila anayehudumia wanyama anaiona.

Usianze kazi hii wakati wa njaa. Mnyama aliyekonda na mwenye njaa kali hubugia bila kuonja, na kuonja ndiyo kinga yake dhidi ya sumu.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kubadilisha chochote

Tenga siku kadhaa za kutazama tu. Nenda alfajiri na tena jua linapoelekea kuzama, kwa kuwa hizo ndizo nyakati ambazo wanyama hula kwa bidii zaidi; ukienda mchana utawakuta wamelala wakicheua, nawe utadhani umejifunza jambo.

Mtazame mnyama mmoja kwa muda mrefu badala ya kulitazama kundi zima kwa haraka. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye shungi la nyasi na kulivuta, kwa hiyo nyasi fupi sana humpa shida. Kondoo na mbuzi wana midomo myembamba inayotembea, na wanaweza kuchagua jani moja na kuacha shina. Utaona pia jinsi mnyama anavyokutana na mmea asioujua: hunyoosha shingo huku miguu ya nyuma ikibaki mbali, hunusa, hulamba, huchukua kipande kidogo, mara nyingi hukidondosha, kisha huondoka. Anayeutazama mwendo huo kwa mara ya kwanza husema mnyama amekataa, kumbe somo ndilo kwanza limeanza. Ameweka ladha hiyo kwenye kumbukumbu, na tumbo litatoa jibu baadaye.

Andika mimea inayoliwa kwanza, inayoliwa baadaye na isiyoguswa. Andika pia ni mnyama gani huongoza kundi linapoondoka majini, maana utamhitaji.

Hatua ya 2: Hakikisha mmea ni salama na una lishe

Hii ndiyo hatua ambayo haisamehe uzembe. Wanyama hujifunza kuepuka mimea yenye sumu inayosababisha kichefuchefu mapema, lakini ziko sumu zinazoua kabla somo halijapatikana, na ziko zinazoharibu ini polepole bila kumpa mnyama ishara anayoweza kuiunganisha na ladha. Oleanda huathiri moyo, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua. Lantana kamara huharibu ini na kumfanya mnyama aungue ngozi akipigwa na jua. Mbegu za mbarika zina sumu kali. Mimea kama hii haifundishwi kamwe. Huondolewa au huzungushiwa uzio.

Kuna pia mimea iliyo salama wakati mmoja na hatari wakati mwingine. Machipukizi machanga ya mtama, hasa yaliyodumaa kwa ukame au yaliyochipua baada ya kukatwa, yanaweza kuwa na sianidi ya kutosha kuua ng'ombe. Mimea iliyotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni kisha ikapigwa na ukame inaweza kujaa nitrati, ambayo nayo ni sumu kwa mifugo ikizidi. Peleka sampuli maabara pale unapokuwa na shaka, na umuulize mtaalamu kuhusu kila hatua ya ukuaji wa mmea, kwa kuwa jina peke yake halitoshi.

Lishe nayo ipimwe. Mmea wenye protini ghafi chini ya takriban asilimia 7 haukidhi mahitaji ya vijiumbe vya rumeni, yaani viumbe vidogo sana vinavyovunja chakula humo, na mnyama anayeutegemea hupunguza kiasi anachokula. Magugu mengi, kwa upande mwingine, yana protini nyingi yakiwa machanga, na hayo ndiyo yanayostahili kufundishwa.

Hatua ya 3: Chagua wanafunzi

Anza na kikundi kidogo. Wanafunzi bora ni mitamba na majike wachanga, kwa sababu mbili. Kwanza, mnyama mchanga huonja vitu vipya kwa wepesi kuliko mzee. Pili, jike atabaki kwenye kundi kwa miaka, na kila mtoto atakayemzaa atafundishwa naye bila gharama yoyote kwako.

Waweke pamoja wanyama wanaofahamiana. Mnyama aliyetengwa na wenzake, au aliyewekwa na wageni, hushughulika zaidi na hofu kuliko chakula. Wafundishe pia mahali wanapopajua. Chakula kigeni katika mahali pageni ni mizigo miwili kwa wakati mmoja, na utafiti pamoja na uzoefu wa wafugaji unaonyesha kwamba woga wa chakula kipya huongezeka mazingira yanapokuwa mapya.

Hatua ya 4: Wazoeze kwamba kitu kipya ni kitu chema

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Wanachukua gugu, wanalitupa mbele ya ng'ombe, wanaona limeachwa, na somo linaishia hapo. Kathy Voth wa Marekani, ambaye amefundisha ng'ombe wengi kula magugu, alijenga njia yake juu ya jambo rahisi: kabla ya kumletea mnyama mmea unaoutaka, mletee mfululizo wa vyakula vingine asivyovijua lakini vyenye lishe, ili tumbo lake limthibitishie mara kwa mara kwamba kilichomo kihorini ni chema hata kama harufu yake ni ngeni.

Fanya hivi kwa siku kadhaa. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa saa zilezile, weka kihorini chakula kidogo ambacho hawajawahi kukila. Leo pumba, kesho shayiri, keshokutwa lusani iliyokaushwa, kisha mashudu, na kadhalika. Kiasi kiwe kidogo, cha kumalizwa kwa muda mfupi, na nafaka isizidi kiasi alichoshauri daktari wa mifugo, kwa kuwa nafaka nyingi za ghafla hutia asidi kwenye rumeni na zinaweza kuua. Tumia ishara moja kila mara, iwe ni mluzi, kengele au mlio wa kihori.

Siku ya kwanza utawaona wakizunguka vihori kwa mashaka. Siku zinavyokwenda watakuja mbio mara wakisikia ishara, na wataingiza mdomo kabla ya kunusa. Hapo wako tayari. Wasipofika hapo, ongeza siku. Hakuna faida ya kusonga mbele na wanafunzi wenye mashaka.

Hatua ya 5: Leta mmea wenyewe kihorini

Kata mmea ukiwa mchanga na mbichi, katika vipande vifupi, na uuchanganye na chakula walichokipenda zaidi katika hatua iliyopita. Unaweza kunyunyizia molasi iliyozimuliwa kwa maji ili ladha wanayoijua iwe daraja la kuifikia ile wasiyoijua. Mara ya kwanza mmea uwe sehemu ndogo ya mchanganyiko. Katika milo inayofuata ongeza mmea na upunguze chakula kingine, mpaka kihori kiwe na mmea peke yake.

Zingatia namna wanavyokula. Mnyama anayechambua pumba kwa ulimi na kusukuma majani pembeni bado hajafunzwa, hata kama kihori kimepungua. Yule anayetafuna shina na jani pamoja, akirudi kuchukua tena bila kuinua kichwa, ameukubali.

Mmea wenye miiba au manyoya makali huhitaji subira zaidi, kwa kuwa mnyama lazima ajifunze pia ufundi wa kuushika. Mbuzi huvua majani kwa midomo akikwepa miiba, na ng'ombe hujifunza kukunja shina kabla ya kulitafuna. Ufundi huu hukua kwa mazoezi, hivyo mara ya kwanza atakula polepole sana. Usihesabu polepole hiyo kuwa kukataa.

Hatua ya 6: Wapeleke kwenye mmea uliosimama

Kula kihorini na kula malishoni ni mambo mawili, na mnyama asipoonyeshwa uhusiano wake anaweza kuupita mmea uleule aliougombania asubuhi. Tenga eneo dogo lenye mmea huo kwa wingi, na ndani yake kuwe pia na nyasi wanazozijua. Uzio wa umeme unaohamishika unafaa, mradi wanyama wamekwisha kuuzoea. Siku ya kwanza pitisha vihori karibu na mmea, na uning'inize matawi machache yaliyokatwa juu ya mimea iliyosimama ili harufu na umbo vikutane.

Onyo: usiwafungie wanyama mahali penye mmea huo peke yake ili njaa iwalazimishe. Mimea mingi ina kemikali ambazo mwili huweza kuzishughulikia kwa kiasi tu. Mnyama anayelazimishwa kuvuka kiasi hicho ataumwa, na tumbo lake litamfundisha kuuchukia mmea, hata kama uliufundisha vizuri kwa siku nyingi. Ukitaka kuharibu kazi yote iliyotangulia, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Hatua ya 7: Wape cha kuchanganya

Mnyama anayecheua hapendi mlo wa aina moja hata uwe mtamu. Kondoo waliopewa uhuru wa kuchagua kati ya klova, mmea wa jamii ya kunde, na nyasi, katika majaribio yaliyofanywa Uingereza, walichukua takriban asilimia 70 ya mlo wao kwenye klova na asilimia 30 kwenye nyasi, wakila klova zaidi asubuhi na kuongeza nyasi kadiri jioni ilivyokaribia. Klova ingeweza kuwashibisha peke yake, lakini hawakuitaka peke yake.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: kila unapofundisha mmea mgumu, hakikisha mwenzake yuko karibu. Mimea yenye tanini nyingi, yaani kemikali zinazokaza mdomo kama za chai kali, hufunga protini, kwa hiyo mnyama huila vizuri zaidi akiwa na chakula chenye protini ya kutosha, kwa mfano lusani au mashudu. Mimea yenye kemikali nyingine zinazohitaji kuondolewa na ini huliwa zaidi mnyama akiwa na nishati na protini za kutosha, kwa sababu kazi hiyo ya ini ina gharama yake. Wakati mwingine kilo chache za chakula cha ziada kwa siku ndizo zinazofungua ekari nyingi za vichaka ambavyo havikuguswa.

Klova na lusani mbichi zina tahadhari yake, kwa kuwa zinaweza kulijaza tumbo gesi: usiwaingize ng'ombe au kondoo wenye njaa kwenye malisho hayo yakiwa na umande. Washibishe kwanza majani makavu, waingize kwa muda mfupi, na uwaangalie ubavu wa kushoto. Ukivimba na kukaza kama ngoma, mwite daktari wa mifugo papo hapo.

Hatua ya 8: Warudishe kwenye kundi

Wanafunzi wakishaula mmea malishoni kwa uhakika, waunganishe na kundi. Wengine wataiga, wachanga kwanza. Usifundishe kundi zima kihorini isipokuwa ni dogo, kwa kuwa wenzao watafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kuiga kuna upande wake wa pili. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwafundisha ng'ombe kuuepuka mmea wa sumu uitwao delfinia kwa kuwapa lithiamu kloridi baada ya kuula, dawa inayoleta kichefuchefu. Ng'ombe hao waliuepuka vizuri walipokuwa peke yao, lakini walipochanganywa na ng'ombe wasiofundishwa waliwaona wenzao wakiula, wakaonja tena, na somo likaanza kufutika. Kwa hiyo kama kundi lako limejifunza kukwepa kitu, mgeni mmoja asiyejua anaweza kuwarudisha nyuma. Dawa hiyo, kwa vyovyote, si ya mfugaji kujitumia bila daktari.

Hatua ya 9: Wafundishe mahali

Sasa rudi kwenye mchoro wako. Katika malisho makubwa, maji na mteremko ndivyo vinavyoamua ng'ombe atakula wapi. Jerry Holechek, mtaalamu wa malisho wa Marekani, alipendekeza makadirio ya kiasi cha malisho ambacho ng'ombe watakitumia, nayo yanatumika sana: ndani ya kilomita 1.6 kutoka kwenye maji hesabu malisho yote, kati ya kilomita 1.6 na 3.2 hesabu nusu yake, na zaidi ya hapo usihesabu kitu. Kwa mteremko, usipunguze chochote hadi asilimia 10, punguza asilimia 30 kati ya 11 na 30, punguza asilimia 60 kati ya 31 na 60, na juu ya hapo usihesabu. Kondoo na mbuzi hupanda vizuri zaidi, kwa hiyo viwango hivi visiwekwe juu yao.

Hesabu hizo zinaeleza ng'ombe walioachwa wenyewe. Ukitaka wafike mbali zaidi, fuata utaratibu huu:

a) Sogeza maji kwanza, kama inawezekana kwa bomba au tangi. Hakuna kivutio kinachozidi maji mapya.

b) Weka chumvi na madini mbali na maji, kwenye sehemu isiyoliwa. Chumvi peke yake huvuta kidogo. Matofali ya molasi na protini huvuta zaidi, hasa nyasi zikiwa zimekauka, na ng'ombe huelekea kula ndani ya mita mia chache kuyazunguka.

c) Wapeleke wenyewe mpaka hapo. Kuweka tofali kilimani na kusubiri waligundue ni kupoteza wakati. Ondoka nao baada ya kunywa maji, mwendo wa taratibu, bila mbwa wa kuwakimbiza wala kelele, ukimtanguliza yule kiongozi uliyemwandika katika hatua ya kwanza. Wakifika, kaa nao hadi wainamishe vichwa na kuanza kula. Ukiondoka wakiwa wamesimama, watakufuata kurudi.

d) Rudia siku zinazofuata kwa njia ileile na saa ileile, kisha acha siku moja uone kama wanakwenda wenyewe.

e) Hamisha tofali kabla eneo halijaliwa mno.

Wasioyashika masomo ya mahali wapo katika kila kundi. Baadhi ya ng'ombe hupenda bonde tangu utotoni na watarudi bondeni kila ukigeuka. Utafiti uliofanywa Idaho, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ndama wa kike hukua wakitumia maeneo yaleyale waliyolelewa, hata pale walipolelewa na ng'ombe asiye mama yao wa kuwazaa. Hivyo, unapochagua mitamba ya kubaki nayo, mtazame mama alikuwa akilala wapi na akila wapi, sawasawa na unavyotazama maziwa yake.

Hatua ya 10: Fanya wazazi wawe walimu

Wapeleke majike wenye mimba na wenye watoto wachanga mahali ambapo unataka watoto hao wale wakiwa wakubwa. Kama utawapa chakula fulani cha ziada wakati wa ukame ujao, waonjeshe watoto chakula hicho sasa, wakiwa bado wananyonya, mama akiwa kando. Siku chache zinatosha. Kuwanyonyesha ndama kwenye banda na kuwatoa malishoni wakiwa wakubwa ni kuwanyima mwalimu wao wa kwanza katika wakati ambao angefundisha mengi kuliko utakavyoweza wewe.

Wanyama walionunuliwa

Mnyama aliyetoka mahali kwenye mimea tofauti ataanza kwa kutembea mno na kula kidogo, hata malisho yakiwa mazuri. Muulize muuzaji alikuwa akila nini, na ikiwezekana nunua pamoja naye chakula cha siku za mwanzo. Mweke eneo dogo pamoja na wenyeji wachache watulivu, mpe majani makavu anayoyajua huku akionja mapya, na uipe rumeni yake muda wa wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa vijiumbe vyake navyo vinapaswa kubadilika. Usimtoe akiwa na njaa: mgeni mwenye njaa ndiye anayekula mmea wa sumu ambao wenyeji wanaupita.

Mambo yakienda kombo

*Hawakaribii vihori kabisa.* Angalia kihori chenyewe kabla ya kulaumu chakula. Rangi, harufu ya dawa, au mahali kilipowekwa vinaweza kuwatisha. Weka ndani yake chakula wanachokijua kwa siku moja au mbili, kisha endelea.

*Waliula mmea wiki ya kwanza, kisha wakaacha ghafla.* Chunguza kama umekomaa. Mmea mchanga na mmea uliotoa maua huwa na ladha, ugumu na kemikali tofauti, na kwa mnyama ni karibu kuwa vyakula viwili. Kama haujakomaa, yawezekana walizidisha wakaumwa. Ondoa mmea huo kwa siku kadhaa, rudisha kidogo pamoja na chakula cha kuusindikiza, na ukubali kwamba imani yao itarudi polepole kuliko ilivyojengwa.

*Wanaula kihorini lakini wanaupita malishoni.* Rudia hatua ya 6 katika eneo dogo zaidi. Eneo likiwa kubwa, wana nafasi ya kuchagua kilicho rahisi kila mara.

*Wanaula mmea mmoja tu na kuumaliza kabisa.* Umewaacha mno. Wahamishe mapema zaidi, mmea ukiwa bado na majani ya kutosha kuchipua tena, na punguza chakula cha ziada kinachowafanya wautafute huo peke yake.

*Wanapanda kilimani asubuhi na kushuka mara moja.* Mara nyingi sababu ni maji, joto au wadudu. Pima umbali wa maji kwa miguu yako, tafuta kama kuna kivuli juu, na wapeleke jioni badala ya asubuhi, kwa kuwa mahali wanapomalizia kula jioni ndipo wengi watakapolala na kuanzia kesho yake.

*Mnyama anaharisha, anatoa povu, anayumba au amejitenga.* Simamisha mafunzo kwa kundi lote, watoe wote kwenye mmea huo, wape majani makavu na maji, na mwite daktari wa mifugo ukiwa na tawi la mmea mkononi ili aone kilicholiwa.

*Mmoja hajifunzi hata baada ya wengine wote kujifunza.* Kagua meno yake, kwato zake na minyoo kwanza. Akiwa mzima, mwache ale anavyojua, lakini usibaki na mitamba yake kama walimu wa kundi lijalo.